Mlima Uliosingiziwa

Bandepura, 9 Novemba 1986

Mjomba Rudrappa,

Naigusa miguu yako. Sisi wazima. Karanga mwaka huu zimekubali, na ng'ombe amezaa ndama jike, kwa hiyo mama anatembea kichwa juu kama aliyezaa yeye. Anakusalimu, na anakulaumu kwa kimya chako. Bibi magoti yamemvimba ila fimbo hataki; anasema fimbo ni ya kuchungia mbuzi. Mwezi uliopita alipika tena chakula cha kumbukumbu ya mama mdogo Girija, akakiweka juu ya paa kwa ajili ya kunguru, wanaowapelekea wafu, akauliza kama umefika. Nikamwambia reli haitoi likizo. Ni mwaka wa ishirini na tano huo, Mjomba, na hujafika hata mmoja.

Sasa lililonifanya niandike. Wiki iliyopita nilikuwa nawafundisha wasichana wa darasa la tisa habari za ngome yetu ya mlima Hebbande. Wakati nasoma kitabuni, msichana mmoja mwenye ulimi, Hampamma, akanyanyua mkono. "Mwalimu, aliyeandika kitabu hiki ni mtu wa Madras. Sisi ngome tunaiona dirishani. Kwa nini tunamuuliza yeye?"

Shule ya wavulana hupanda kila Januari. Ya wasichana haijapanda tangu mama mdogo aanguke, na mji mzima una wimbo mmoja: mlima ule haupendi wanawake.

Jumamosi ya tarehe 6 Desemba nawapeleka, wote ishirini na tisa, kwenda asubuhi na kurudi jioni. Sikuombi ruhusa, Mjomba, na nisamehe kwa kusema hivyo. Nakuomba njia. Mama anasema utotoni uliijua Hebbande kuliko ua wa nyumba yenu. Nichoree.

Nisalimie mkazamjomba na watoto.

Mtoto wa dada yako,
Vanajakshi


Guntakal, 24 Novemba 1986

Vanaja mwanangu, uishi miaka mia.

Barua yako imechukua siku tisa kunifikia, na mimi ndiye ninayepitisha treni za barua. Huku joto halijui kuwa ni Novemba. Kijana wetu mkubwa amefaulu hesabu, sijui kamfuata nani. Mwambie mama yako asiuze huyo ndama.

Usiende.

Dada yangu aliteleza karibu na lango la nne, mvua ikinyesha, mbele ya macho yangu. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilishawaeleza watu wote mara moja na sitarudia. Nikikuchorea njia nitakuwa nimekuchorea kaburi, wewe na watoto wa wenyewe.

Mimi ni kaka wa mama yako. Hili si ombi.

Rudrappa


Bandepura, 14 Desemba 1986

Mjomba,

Naigusa miguu yako, ingawa najua hivi sasa ungependa kuivuta. Mama ana mafua. Ndama hatujamuuza. Bibi anakula vizuri.

Tumekwenda.

Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi na wali wa ndimu, karanga na mtindi. Chini ya mlima, pale penye kijihekalu cha Hanumani, kuhani alitusimamisha. "Mwalimu, unawapeleka wapi watoto wa watu?"

"Darasani," nikamwambia.

Hampamma akadakia, "Darasa limehamia juu, baba. Huko kuna hewa."

Ngazi za mwanzo zimechongwa kwenye jiwe lenyewe, zimelika katikati kama jiwe la kusagia. Tukavua viatu, maana mguu mtupu unashika mwamba kuliko kandambili. Penye mteremko mkali tulishika mnyororo wa chuma, mmoja nyuma ya mwingine, sketi zimekunjwa kiunoni. Kwenye lango la pili msichana mmoja alikaa chini akalia kuwa hawezi. Wenzake hawakumbembeleza, walimwambia, "Basi kaa hapo uwe mlinzi wa mfalme," akainuka kwa hasira na akawa wa kwanza kufika lango la tatu. Kima walituibia chakula cha watu sita. Tuliona ghala za nafaka zenye paa la mviringo, na tangi lililochongwa mwambani, maji yake baridi mpaka meno yanauma. Juu kabisa, nikiwa nahesabu vichwa, wakaanza kupiga kelele, kila mmoja jina lake, kuelekea mjini. Majina ishirini na tisa, Mjomba. Nilitaka kuwanyamazisha kwa mazoea tu. Kisha nikapaza na langu.

Hakuna aliyechomwa hata na mwiba, ila mimi kisigino.

Lakini wakati wa kushuka nilisimama kwenye lango la nne. Nilisimama muda mrefu. Hapana genge pale. Kuna ukuta pande zote mbili unaonifika kifuani, wa zamani, kuvu imeota kwenye maungio yake. Mtu hawezi kuteleza pale. Angelazimika kuupanda ukuta kwanza.

Na kuna jambo jingine. Nyuma ya ngome, upande wa magharibi, tulikuta kile kilango kifupi wanachokiita Mlango wa Mwizi. Hata mimi mfupi niliinama. Kutoka hapo ngazi zinateremka hadi kwenye kijistesheni cha Nelagere. Tulikuwa tukila karanga, tukaona treni imesimama kule chini kama jongoo, watu wanapanda.

Mjomba, mama mdogo aliteleza wapi?

Vanajakshi


Guntakal, 22 Desemba 1986

Vanaja,

Uishi miaka mingi. Nashukuru mmerudi salama. Sisi wazima.

Wakati ule ukuta ulikuwa umebomoka. Usiniulize tena.

Rudrappa


Bandepura, 11 Januari 1987

Mjomba,

Naigusa miguu yako. Mama amepona mafua na sasa anaugua mimi. Bibi anakusalimu.

Nimesimamishwa kazi.

Kamati ya shule ilikaa siku nne zilizopita. Mwenyekiti ni Bwana Thippeswamy mwenye kinu cha mafuta ya karanga, unamkumbuka. Mwalimu mkuu alikaa pembeni akitazama kucha zake. Mwenyekiti akasema, "Mji huu umeshampoteza binti mmoja kwa mlima ule. Wewe ni mtu wa nyumba hiyohiyo. Hukuona haya?"

Nikasema, "Nilipeleka ishirini na tisa, nikarudisha ishirini na tisa. Mwenye haya ni nani?"

Wakanisukumia karatasi. Imeandikwa: *Nakiri kuwa niliwaweka wanafunzi katika hatari ya kupatwa na yaliyompata Girija, na naomba radhi.* Nikitia sahihi, narudi darasani. Nisipotia, watakaa tena tarehe 31 Machi na kazi itakwisha.

Niliirudisha. Niliwaambia nitaitia sahihi siku nitakayojua yaliyompata Girija.

Wakacheka. Walidhani nafanya ujeuri wa maneno. Lakini wewe hucheki, najua. Nimemuuliza fundi mawe mzee kuliko wote hapa kuhusu ukuta wa lango la nne. Anasema haujaguswa na mkono wa fundi tangu babu yake. Mjomba, mimi sijakukosea heshima tangu nizaliwe. Mwaka ule aliopotea nilikuwa kwenye ziwa la mama. Nimekua nikikatazwa mlima kwa ajili ya ukuta ambao haukubomoka. Wamekatazwa wote niliosoma nao, na sasa wanakatazwa ninaowafundisha.

Niambie.

Vanajakshi


Bandepura, 8 Februari 1987

Mjomba,

Sisi wazima. Kazi bado sina. Wasichana huja nyumbani jioni, wanakaa barazani, nawafundisha hapohapo; Bibi anawapa sukari guru na kuwasikiliza kama yeye ndiye mwanafunzi.

Posta ya Guntakal haijaungua, nimeuliza.

Vanajakshi


Guntakal, 26 Februari 1987

Vanaja mwanangu,

Leo sina habari za nyumbani. Nimeianza barua hii mara saba.

Girija hakuanguka. Yuko Ballari. Ni muuguzi mkuu katika hospitali ya masista, ana mume mwalimu na mtoto wa kiume anayevaa miwani.

Mwaka ule baba alikuwa amekubali posa ya mfanyabiashara wa tumbaku, mjane mwenye watoto wawili, umri wake unakaribia wa baba mwenyewe. Dada alikuwa amemaliza shule, na masista walikuwa wameshamwandikia barua ya kumpokea asomee uuguzi. Aliificha ndani ya mtungi wa wimbi. Alimwomba baba mara tatu. Mara ya tatu baba hakumjibu; alimwita mpiga zumari kupanga siku ya harusi.

Zama zile wanawake walikuwa wakipanda Hebbande kila mwezi mpevu wa Oktoba, familia nzima, na vyakula. Sikiliza hilo vizuri: walikuwa wakipanda. Watu walipokuwa wakila kwenye ghala, dada na mimi tulizunguka hadi Mlango wa Mwizi. Alikuwa amevaa sari mbili, moja juu ya nyingine. Nilimshusha mpaka Nelagere mvua ikinyesha, nikambeba mahali penye utelezi, akapanda treni. Tulikuwa tumekubaliana nirudi nikae kimya, naye baada ya wiki amwandikie baba, aseme kweli.

Nilirudi juu nimelowa, nimechanika magoti. Baba alinishika shingo. "Dada yako yuko wapi?" Alikuwa ameinua mkono. Vanaja, nilikuwa tayari kupigwa, naapa nilikuwa tayari. Lakini mdomo ukasema, "Ameanguka."

Neno moja. Mama akapiga yowe, na baada ya yowe lile sikuweza kulirudisha.

Walimtafuta siku tatu. Walipokosa mwili wakasema chui. Baba hakuenda tena shambani. Alilala akitazama mlima, akafa miezi kumi baadaye. Girija nilikuwa nimemwomba asimwandikie baba kwanza; ukweli nilimwandikia baba alipokwisha kufa. Alitukana karatasi nzima. Alitaka kurudi. Mimi ndiye niliyemsihi asirudi, maana baba alikuwa ameshakufa, na wangesema kamuua yeye. Hapana, nadanganya tena: hawangesema ni yeye. Wangesema nimemuua mimi, na hilo ndilo nililoogopa.

Sikuja kulisha kunguru kwa sababu ningeshindwa kuutazama ule wali.

Barua hii ni yako. Wasomee kamati ukipenda.

Rudrappa


Bandepura, 10 Machi 1987

Mjomba,

Naigusa miguu yako. Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko ulivyoianza.

Sikuipeleka kwa kamati. Wa kwanza kusikia alistahili awe mwingine.

Bibi alikuwa anamenya ukwaju. Nilikaa chini nikamsomea yote, polepole. Mikono yake haikusimama mpaka nilipofika kwenye miwani ya mtoto. Akauliza, "Anakula vizuri?"

Nikamwambia hukuandika.

"Mjinga. Angeanza na hilo."

Kisha akasimama bila msaada, akaenda uani, akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, akimwita babu, si Girija. Majirani walikuja mbio. Aliwafukuza. Aliporudi akasema, "Miaka ishirini na tano nimewanenepesha kunguru wa watu."

Mama yeye anapanga vyombo na kuvipangua.

Nilimwambia Bibi kuwa umeniruhusu kuisoma barua mbele ya Thippeswamy. Akanikataza. "Karatasi wataikunja, watasema mwalimu kaiandika mwenyewe ili apate kazi. Mwambie Rudra amlete."

Nami nasema hivyohivyo. Kazi yangu inaweza kwenda. Sitaikomboa kwa kukutangaza ukiwa umejificha Guntakal. Lakini sitatia sahihi uongo pia. Nendeni mkaamue, wewe na dada yako. Anwani yetu hamjaisahau.

Vanajakshi


Guntakal, 24 Machi 1987

Vanaja mwanangu,

Nimekwenda Ballari. Girija alisoma barua zako zote amesimama, kwenye korido ya wodi. Hakujua kwamba wanawake walikatazwa mlima. Nilikuwa sijamwambia hilo hata siku moja. Alinitikisia barua zako usoni, akasema, "Kwa hiyo uliniua, halafu ukanitumia kuwafungia wengine mlango?"

Anakuja Jumamosi tarehe 28. Hataki basi. Atashukia Nelagere, apande kwa Mlango wa Mwizi, ateremke kwa lango kuu mchana kweupe. Nilimkumbusha kuwa ana miaka arobaini na minne na miguu inavimba kwa kusimama wodini. Akasema, "Nilishuka nikiwa maiti. Nitashindwaje kupanda nikiwa hai?"

Nitamfikisha Nelagere. Mimi msinisubiri.

Rudrappa


Bandepura, 12 Aprili 1987

Mjomba,

Naigusa miguu yako. Sote wazima, na nyumba ina makelele kama soko.

Siku ile nilipanda kumlaki. Si kama mwalimu, maana mwalimu nimesimamishwa. Nilipanda kama mpita njia. Wapita njia wengine kumi na saba walinifuata, wote wa darasa la tisa, na mama zao watano. Tulikaa kwenye Mlango wa Mwizi tangu saa tatu. Karibu saa sita tukasikia mtu anahema na kuulaani mwamba. Kichwa kikatokea, kina mvi pembeni, uso wa mama mtupu. Akatutazama wote. "Ni yupi hapa aliyekataa kutia sahihi?"

Wakanisukuma mbele. Alinishika kidevu, akaomba maji.

Kushuka kulituchukua saa tatu. Kila lango alisimama, akapumua, akatusimulia nani alianguka wapi na nani alimtongoza nani zamani zile. Pale lango la nne aliutazama ukuta akacheka hadi akakaa chini. Kisha hakucheka tena.

Bibi alikuwa ameketi chini ya mlima, mlangoni mwa Hanumani, nusu ya mji nyuma yake. Girija alipoinama kugusa miguu yake, Bibi alimpiga kofi. Kofi zima, watu wakashtuka. Halafu akauvuta uso wake kwa mikono miwili, akaukagua kama anayenunua mtungi. "Umenenepa," akasema. Mama ndiye aliyewafunika wote wawili kwa ncha ya sari yake.

Usidhani yameisha hapo. Siku ya mwaka wetu mpya, tarehe 30, Bibi alipogawa mwarobaini na sukari guru, uchungu na utamu wa mwaka, sisi wote tulipata vyote viwili. Girija alipata mwarobaini mtupu, kiganja kizima. Aliutafuna wote mbele yake, macho yakimtoka machozi, akanyoosha mkono tena. "Ongeza." Ndipo Bibi akampa sukari.

Tarehe 31 tulikwenda kwenye kamati. Thippeswamy akanisukumia ileile karatasi, akasoma kwa sauti mpaka pale penye "yaliyompata Girija". Mama mdogo akasimama kutoka benchi la nyuma.

"Wewe mama ni nani?" mwenyekiti akamuuliza, kama asiyejua.

"Mimi ndiye huyo Girija," akasema. "Nimesomea uuguzi. Nimezalisha wanawake elfu kadhaa, na nina uvimbe wa miguu. Hayo ndiyo yaliyonipata. Mlima haumo."

Mwalimu mkuu aliacha kutazama kucha. Mwenyekiti akasema hii ni aibu ya familia, kamati haihusiki. Nikamwambia kamati imekula aibu hiyo miaka ishirini na tano, isitapike leo. Wakanong'ona sana. Mwisho wamenirudisha darasani, kwa onyo la maandishi. Nikauliza onyo la nini. Hakuna aliyejua. Nimeandika chini yake *Sikubali*, nikatia sahihi yangu hapo, na nakala wanayo.

Tangazo la safari ya wasichana ya Januari ijayo limebandikwa ukutani mwa shule. Baba watatu wamekataza binti zao. Wale wengine hawajakataza.

Kuna wanaosema maneno juu yako mjini, na ni maneno mabaya, sitakuficha. Girija alitusimulia kuwa ulishuka naye Nelagere, ukamsindikiza hadi ngazi ya kwanza, ukaketi pale. Alipogeuka akiwa nusu ya mlima, ulikuwa bado umeketi. Hakuja hapa kukusema vibaya. Aliyasema hayo kwa sauti ya chini, akageukia dirishani.

Bibi ameniketisha niandike. Haya ni maneno yake, sikuongeza wala sikupunguza:

"Rudra. Mwanangu mmoja amepanda mlima kuja kwangu, mwingine kaketi chini yake. Baba yenu alikufa akimlilia mtu aliye hai, na hilo sikusamehei kwa barua. Mimi kusoma sijui. Njoo ukae mbele yangu, unitazame nikikutukana."

Vanajakshi